Jaribu Linux Mint kwenye flashi kabla hujagusa diski

Kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na HDD (diski ya kuzunguka) ya GB 500: hiyo ndiyo mashine ninayoizungumzia hapa, maana mashine za aina hiyo bado zinafanya kazi majumbani huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Uyole na Mwanjelwa hadi Makambako, Mafinga na Kihesa. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha nane. Hivyo mashine nzima, isiyo na ubovu wowote, inahesabiwa kuwa imezeeka. Fundi anaweza kukupigia Windows 11 kwa njia ya panya, na itawaka, ila RAM na HDD zitabaki zilezile na kompyuta itatambaa.

Njia nyingine ni Linux, mfumo endeshi kama ilivyo Windows, ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuubadili. Kwa mtu anayetoka Windows, mimi napendekeza Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, toleo la Xfce lenye mwonekano mwepesi. Mint ilianza mwaka 2006, inajengwa juu ya Ubuntu, aina nyingine ya Linux, na menyu yake ipo pale pale chini kushoto ulipoizoea. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na litapata masasisho hadi mwaka 2029. Linahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, ingawa GB 4 ndipo linapopumua, pamoja na nafasi ya diski isiyopungua GB 20. Ni la prosesa za biti 64 tu.

Watu wengi wanaoishia kuilaumu Linux waliruka hatua ya kujaribu. Wamesikia ni nzuri, wakafuta kila kitu siku hiyohiyo, jioni wakagundua Wi-Fi haishiki na printa haichapi. Kusakinisha huchukua kama nusu saa. Kujaribu kunastahili siku nzima, na unaweza kufanya jaribio lote kwenye flashi bila diski yako kuguswa hata kidogo.

Anza na kupakua. Faili la ISO, yaani nakala nzima ya mfumo ndani ya faili moja, lina ukubwa wa karibu GB 3, na hapo ndipo bando linapoteketea bure. Ukipakua kwa kivinjari cha kawaida mtandao ukakatika kwenye GB 2.5, mara nyingi unaanza upya. Tumia torenti, njia ya kupakua faili vipande vipande, badala yake: ukurasa wa kupakua wa Mint una faili la torenti kwa kila toleo, na programu kama qBittorrent huendelea pale ilipoishia hata ukizima kompyuta ukalala. Zaidi ya hapo, torenti hukagua kila kipande kinachoingia na kukipakua tena kikiwa na kasoro. Washa usiku, kwa bando la usiku kama mtandao wako unalo, asubuhi utakuta limekamilika.

Kama umelipata faili kwa njia nyingine, mathalani rafiki amekukopia, likague kabla ya kuliandika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda lilimo, uandike (jina la faili liwe la toleo ulilonalo):

certutil -hashfile linuxmint-22.1-xfce-64bit.iso SHA256

Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulio kwenye faili la sha256sum.txt kwenye tovuti ya Mint. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili hilo halifai. Usikae kulijaribujaribu.

Flashi nayo ina mambo yake. GB 8 zinatosha. Tatizo ni flashi feki, zile zilizoandikwa GB 64 au 128 wakati uwezo wake wa kweli ni mdogo mno. Zinapokea data zote bila kulalamika, kisha zinaandika za mwisho juu ya za mwanzo. Dalili yake ni kwamba uandishi unakamilika vizuri, kompyuta inaanza kuwaka, halafu katikati skrini inajaa mistari yenye maneno SQUASHFS error. Mtu anaona hivyo anasema Linux mbovu. Kabla ya yote, ipime flashi kwa programu ya H2testw kwenye Windows. Inaijaza yote, inasoma ilichoandika, kisha inakuambia GB ngapi ni za kweli. Ikishindwa, itupe, usiwekee hata picha za harusi.

Kuiandika ISO kwenye flashi tumia programu ya Rufus kwenye Windows. Chomeka flashi, chagua faili, bonyeza kuanza. Kumbuka kwamba kila kilichomo kwenye flashi kitafutika. Rufus ikiuliza uandike kwa namna ya ISO au ya DD, anza na ISO. Kompyuta ikikataa kuwaka kutoka kwenye flashi hiyo, rudia kwa DD. Ukitumia DD, Windows inaweza kukuonyesha flashi kama ina nafasi ndogo au haisomeki. Haijafa. Ukimaliza kazi utaifomati kwa Rufus hiyohiyo na nafasi yake yote itarudi.

Kabla hujazima Windows, fanya mambo matatu. Kwanza, weka nakala ya vitu vyako kwenye diski ya nje. Jaribio haligusi diski, lakini binadamu hubonyeza kitufe kisicho chake. Pili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa BIOS Mode kama unasema UEFI au Legacy, yaani namna mpya au ya zamani ya kompyuta kuanza kuwaka. Andika jibu kwenye karatasi, litahitajika baadaye. Tatu, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha data, hakikisha una ufunguo wake wa kurejesha nje ya kompyuta hiyo. Ukibadili mipangilio ya Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, bila ufunguo huo mkononi, Windows inaweza kuudai ikiwaka na ukabaki mlangoni.

Kisha zima kwa amri hii, si kwa menyu:

shutdown /s /t 0

Sababu ni kwamba Windows 10 na 11 kwa kawaida hazizimi kabisa. Huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili ziwake haraka kesho yake, na diski inabaki katika hali ya kulala. Linux ikiikuta hivyo, itakataa kuandika kwenye patisheni (sehemu ya diski) ya Windows au itaifungua kwa kusoma tu. Wanaolalamika kwamba Linux inakataa kuhifadhi kwenye D, mara nyingi chanzo ni hiki.

Washa tena huku ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia. Kwa Dell, Lenovo na Toshiba ni F12. Kwa HP ni F9, au Esc kwanza. Asus za mapajani ni Esc, na kwa ubao mama wa Asus wa kompyuta ya mezani ni F8. Acer ni F12 pia, ila kwenye nyingi unaingia BIOS, mipangilio ya ubao mama, kwanza na kuiruhusu menyu hiyo. Flashi yako inaweza kuonekana mara mbili kwenye orodha, moja ikiwa na neno UEFI mbele. Chagua ile inayolingana na ulichoandika kwenye karatasi. Ukiwasha flashi kwa Legacy wakati Windows ni ya UEFI, jaribio litaenda vizuri, ila siku ya kusakinisha mifumo miwili haitakaa kwenye menyu moja, na utahangaika bila kujua kwa nini. Skrini ikibaki nyeusi baada ya nembo, rudi kwenye menyu ya Mint uchague compatibility mode. Mara nyingi ni kadi ya picha tu inayosumbua. Ukiona ujumbe unaotaja SBAT na Security Policy Violation, ISO yako ni ya zamani kuliko orodha ya usalama ya kompyuta. Pakua toleo jipya, au zima Secure Boot kwa muda.

Mint ikishawaka, utaona meza yenye alama ya kusakinisha. Iache. Upo ndani ya mfumo unaokaa kwenye RAM na flashi, na ukizima, kila ulichobadilisha kinapotea. Utakuwa mzito kiasi, hasa kwenye tundu la USB 2.0, hivyo usiupimie kasi hapa. Unapima kama vifaa vyako vinatambulika.

Wi-Fi ndiyo ya kwanza. Ikionyesha mitandao na ukaunganika, vizuri. Isipoonekana kabisa, fungua teminali, dirisha la amri la Linux, uandike:

lspci -nnk | grep -iA3 net

Ukiona jina Broadcom, dawa ipo lakini inaweza kutaka intaneti ili ipakuliwe, na intaneti ndiyo unayoikosa. Hapa simu inaokoa. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa USB tethering. Mint itaiona kama mtandao wa waya papo hapo, bila draiva yoyote. Kisha fungua Driver Manager, itakuletea draiva ya Broadcom uiweke. Hakikisha waya wa simu ni wa kupitisha data. Nyaya nyingi za bei rahisi zinachaji tu, na mtu anaweza kumaliza saa nzima akiilaumu simu.

Ukiona Realtek RTL8723BE, ambayo imo kwenye laptopu nyingi za HP, tatizo lake ni tofauti: inashika ukiwa umekaa kando ya ruta, ukihamia sebuleni inapotea. Mara nyingi laptopu hizo zimefungwa antena moja tu, na draiva inasikiliza tundu lisilo na antena. Amri hizi mbili zinaihamisha:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=1

Isipobadilika, ondoa tena uweke 2 badala ya 1. Namba iliyofanya kazi iandike, utaiweka ya kudumu baada ya kusakinisha.

Baada ya Wi-Fi, jaribu vyote unavyotumia kweli: sauti, kamera, projekta kwa HDMI kama unafundisha au unahudumia kanisani, vitufe vya mwanga, modemu ya USB. Funga kifuniko cha laptopu, subiri dakika tano, ufungue. Ikiamka salama, umepita mtihani ambao mashine nyingi huanguka. Printa ichomeke na uchapishe ukurasa mmoja. Za HP hushughulikiwa na HPLIP, programu ya kuendesha printa hizo, ambayo tayari imo ndani ya Mint, lakini baadhi, kama LaserJet P1102, zinadai kipande cha ziada kinachopakuliwa kwa amri ya hp-plugin. Bila kipande hicho printa inaonekana, inapokea kazi, na karatasi haitoki.

Halafu tazama afya ya diski, maana hapa ndipo ukweli wa mashine za mtumba unapojulikana. Fungua programu ya Disks, chagua diski, nenda kwenye SMART Data, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea. Tafuta mistari miwili: Reallocated Sector Count na Current Pending Sector Count. Vyote vikiwa sifuri, sawa. Wa pili ukiwa na namba yoyote juu ya sifuri, diski inashindwa kusoma baadhi ya sehemu zake, na hakuna mfumo utakaoiponya. Hata kama ni nzima, ningeshauri hivi: ukiwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu, nunua SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) ya SATA ya GB 240 kabla ya kuongeza RAM. HDD ndiyo inayofanya kompyuta ikae dakika mbili ikizunguka kabla ya kufungua Firefox. Faida ya pili ni kwamba unaichomoa HDD yenye Windows na kuiweka kabatini ikiwa nzima, Mint inapata SSD yake, na habari ya kugawana diski inaisha.

Sasa saa, jambo dogo linalochanganya watu kuliko yote. Kompyuta ina saa yake kwenye ubao mama inayotembea hata ikiwa imezimwa. Windows huisoma saa hiyo kama saa ya hapa. Linux huisoma kama saa ya dunia, UTC, na Tanzania ipo saa tatu mbele ya UTC. Matokeo yake, ukitumia Linux yenye intaneti kisha ukarudi Windows, saa nne asubuhi inasomeka saa moja asubuhi. Hakuna kilichoharibika. Ukishasakinisha na ukaamua kubaki na mifumo yote miwili, iambie Linux ifuate desturi ya Windows:

timedatectl set-local-rtc 1 --adjust-system-clock

Lakini kama tofauti si saa tatu bali ni miaka, kompyuta inawaka ikidhani ni 2012, hiyo ni betri ya sarafu ya CR2032 iliyokufa kwenye ubao mama. Kwenye kompyuta za mtumba ni jambo la kawaida mno. Umeme ukichomolewa tu, tarehe inarudi nyuma. Kivinjari kitagoma kufungua tovuti kwa kudai cheti chake si halali, na masasisho ya Mint yatakataa yakisema faili la Release is not valid yet, yaani kwa kalenda yake faili hilo linatoka wakati ujao. Watu wamebadilisha mfumo mzima kwa kosa la betri moja. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua boksi, bonyeza kijiti kinachoishikilia, pachika mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwa ndani, puliza na vumbi. Kiangazi cha huku hakiachi feni salama.

Yote yakiwa sawa, ndipo usakinishe. Kama utaweka Mint kando ya Windows kwenye diski moja, punguza nafasi ukiwa ndani ya Windows kwa kutumia Disk Management, toa angalau GB 50, uiache bila kuifomati. Kisakinishi cha Mint kinaweza kuipunguza chenyewe, lakini Windows inazijua patisheni zake vizuri zaidi. Hatua hii iheshimu sana kwa sababu ya umeme: ukikatika wakati data zinahamishwa, unaweza kupoteza vyote. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptopu yenye betri iliyokufa, isifanye kazi hii mchana wenye wingu zito na radi, na kuanzia Novemba hadi Aprili huku kwetu siku hizo ni nyingi. Fanya asubuhi mapema. Kisakinishi kisipoiona diski kabisa, ingia BIOS uangalie kama SATA, njia ya kuunganisha diski, imewekwa kwenye RAID au RST, inatakiwa AHCI. Ila ukibadili hapo bila kuiandaa Windows kwanza, Windows haitawaka.

Kisakinishi kitauliza kama kiweke kodeki, yaani programu za kuchezesha sauti na video. Bando likiwa dogo, usiweke alama. Utazileta baadaye kwa kuandika sudo apt-get install mint-meta-codecs. Kwenye saa za eneo, bonyeza Afrika Mashariki kwenye ramani hadi isomeke Dar es Salaam.

Masasisho ya kwanza yanaweza kufika mamia ya MB, hata kuzidi GB 1 kama ISO yako ina miezi mingi. Baada ya hapo Mint inakungoja uiruhusu ndipo ipakue, na kwa anayeishi kwa vifurushi hilo peke yake ni nafuu kubwa. Kwenye Software Manager, programu ileile inaweza kuwepo kwa namna mbili, ya mfumo na ya Flatpak, yaani furushi linalojitegemea. Chagua ya mfumo, kwa sababu Flatpak ya kwanza huja na mzigo wa maktaba zake, mamia ya MB kwa programu ndogo tu.

Kama nyumbani au shuleni kuna kompyuta mbili au zaidi zenye toleo lilelile, usipakue mara mbili. Kwenye ya kwanza tumia apt-get, si apt, kwa sababu apt hufuta mafurushi baada ya kuyaweka, wakati apt-get huyaacha kwenye /var/cache/apt/archives. Kopia mafaili ya .deb kutoka hapo kwa flashi, uyaweke kwenye folda hiyohiyo ya kompyuta ya pili kwa sudo, uandike sudo apt-get update, halafu sudo apt-get upgrade. Itapakua orodha tu, na mafurushi itayakuta ndani. Maabara ya kompyuta kumi inaweza kusasishwa hivi kwa bando la kompyuta moja.

Kuna wasiopaswa kuhama. CorelDRAW, Photoshop, AutoCAD na QuickBooks ya kwenye kompyuta hazina toleo la Linux. Kama mkate wako unatoka kwenye mojawapo, baki na Windows kwenye diski yake.

Kwa barua, CV na mitihani, LibreOffice, programu ya ofisi kama Word na Excel, inatosha kabisa. Hiyo ni ndugu ya OpenOffice, ambayo mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri kwa Kiswahili ikaitwa Jambo OpenOffice, kazi ambayo ilistahili kuendelezwa kwa nguvu zaidi. Kinachosumbua ni herufi. Mint haina Calibri wala Cambria. CV iliyokaa ukurasa mmoja kwako, ikifunguliwa stationery kwenye Word, mistari miwili inamwagikia ukurasa wa pili. Weka mbadala wenye vipimo vilevile:

sudo apt-get install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Kisha ingia Tools, Options, Load/Save, General, uifanye .docx kuwa namna ya kuhifadhi ya kawaida, maana .odt, ambayo ni namna ya LibreOffice yenyewe, itamfanya kijana wa stationery akurudishe nyumbani. Na kinachokwenda kuchapishwa tu, usikipeleke hata kwa .docx. Bonyeza kitufe cha PDF kilicho juu, uweke faili hilo kwenye flashi. Herufi zinasafiri ndani ya PDF, hivyo karatasi itatoka kama ulivyoiona kwenye skrini yako.